Udongo wa Gari la Harusi

Gari jeusi ni msengenyaji. Jeupe unaweza kulipitishia tambara ukaenda zako, na lile la kijivu hata usipolipitishia chochote, nani atajua? Jeusi litakutangaza. Tone la maji likikaukia juu yake linaacha duara, chembe ya mchanga ikiburutwa inaacha mstari, na jua likichomoza kila mpita njia anasoma jinsi ulivyofanya kazi.

Ndiyo maana Ijumaa ile asubuhi, Ogari alipoingiza Peugeot nyeusi ya meneja katikati ya nyumba za kambi ya wafanyakazi wa chai na kuisimamisha kando ya ukuta wake, upande wa kivuli, watu walitoka milangoni kama walioitwa. Ogari alikuwa dereva wa trekta la kubebea majani ya chai. Hakuna aliyewahi kumwona ndani ya kitu chenye madirisha.

"Mama Mokeira!" aliita Tecla wa nyumba ya pili, beseni la nguo kiunoni. "Pwana yako ameiba kari ama amenunua?"

Tecla alikuwa mzaliwa wa Sigowet, na kinywani mwake b, d na g za mwanzo wa neno zilizoea kutoka zimevaa nguo za wengine. Judy, mke wa Ogari, alikuwa ametoka upande wa Kisii, akisema "rori" badala ya lori, kwa hivyo walichekana bila deni.

"Ametumwa, Mama Kiprono," alijibu Judy kutoka mlangoni, mkono mmoja kiunoni na mwingine juu ya tumbo. "Kesho ndiyo itabeba bibi harusi."

Tecla alijua hayo yote. Alijua kwamba Chepngeno, binti wa meneja, anafunga ndoa kesho pale Litein. Alijua kwamba dereva wa nyumbani kwa meneja aliacha kazi mwezi uliopita. Na alijua maneno aliyoyasema meneja mbele ya ofisi, kwa sababu aliambiwa na wanaume wawili siku moja: "Ogari, nakujaribu wewe kwanza. Hiyo gari ikifikisha msichana wangu kanisani iking'aa, kazi ya dereva ni yako, na nyumba ya dereva pia. Ukiniaibisha, yuko Noah."

Noah alikuwa dereva wa trekta la pili. Alikuwa pia mume wa Tecla.

Nyumba ya dereva ilikuwa na vyumba viwili na jiko la pembeni. Akina Ogari walikuwa na chumba kimoja kilichokatwa kwa leso. Nyuma ya leso kitanda. Mbele ya leso, dunia nzima: masufuria, jembe, baiskeli isiyo na gurudumu, godoro la Mokeira, mtoto wao wa miaka mitatu. Tumbo la Judy lilikuwa limefika mahali ambapo akigeuka kati ya kitanda na kabati, lazima kimoja kimpishe. Mtoto wa pili angelala wapi, hilo walikuwa wameacha kuulizana, kwa sababu kila walipoulizana waliishia kuangalia baiskeli.

*

Mke wa meneja, Madam Janeffer, alikuwa amempa Ogari mfuko wa karatasi. Ndani yake mlikuwa na shampuu ya gari, mkebe wa waksi, vitambaa laini, na kipande cha kitu cha kijivu kilichofungwa kwa nailoni, kikubwa kama sabuni ya kuogea.

"Kwanza osha," Madam alisema. "Halafu udongo. Halafu waksi. Usiruke udongo, Ogari. Nimetoka nao Uingereza ndani ya sanduku langu, na kipande ni hicho tu."

"Udongo, Madam?"

"Udongo."

Ogari aliondoka akifikiri. Alipofika nyumbani alimweleza mkewe kwa sauti ya chini, kama mtu anayetoa siri ya familia ya wenyewe. "Mama Mokeira, hawa watu wamesoma mpaka wamepitiliza. Naosha gari nitoe udongo, halafu narudishia udongo?"

Judy alikuwa akisoma masomo ya jioni katika shule ya kambi, na Kiingereza chake kilikuwa kimefika kiwango cha kusoma maandishi ya mikebe. Alichukua kile kipande, akasoma nailoni yake kwa kidole. "Si wa kurudishia. Unalowesha rangi na maji ya sabuni, unateleza nao juu pole pole. Uchafu ule uliojishika kwa rangi, ule maji yameshindwa kutoa, unashikwa na huu udongo. Ukiweka waksi bila huu, unafungia uchafu ndani."

"Kama kuvaa suti bila kuoga."

"Kama wewe Krismasi iliyopita."

Wakaosha. Walianza paa wakashuka chini, ndoo moja ya sabuni na nyingine ya kusuuzia kitambaa, ili mchanga usirudi juu ya rangi. Mokeira aliwekwa ndani ashike usukani. Jua liliposogea na kivuli kikaanza kuwakimbia, walilisukuma gari kukifuata kivuli, maana ukiosha jeusi juani maji yanakauka kabla ya kitambaa kufika. Walizunguka nyumba hivyo, Judy akielekeza, Ogari akisukuma, Mokeira akipiga honi kila kona.

"Iko toa hapo!" Tecla alisema kutoka kwenye kamba yake ya nguo. "Toa hiyo toa!"

"Nitoe nini?"

"Toa! Toa ya ndege!"

Lilikuwa doa kweli. Ogari akalitoa.

Gari lilipokauka, Judy alimvalisha mume wake mfuko wa mkate mkononi kama alivyosoma, akamwambia apapase boneti. Ogari alipapasa, uso ukabadilika. Kwa macho rangi ilikuwa safi. Chini ya mfuko ilikwaruza kama ulimi wa ng'ombe: lami ya barabara, utomvu wa miti, masizi ya bomba la kiwanda cha chai.

"Kumbe tumeosha uongo," akasema. Akachukua ndoo. "Naenda maji. Mvua ya saa nane isitukute na gari mbichi. Wewe kaa, usiguse kitu."

*

Mtu asimhukumu Judy haraka. Wanawake wengi wa kambi wakiwa na mimba walikula odowa, yale mawe laini ya udongo yanayouzwa sokoni kwenye vikopo, na aliyekataa hakuwa ameonja. Nesi wa kliniki alikuwa amemkataza Judy. Jumapili Ogari alikuta yaliyofichwa ndani ya mto, akayatupa yote kwenye choo cha shimo huku akihubiri. Tangu Jumapili, Judy alikuwa akinusa ukuta wa nyumba mvua ikipita.

Sasa alikuwa amekaa peke yake kwenye kigoda, na mapajani mwake udongo. Udongo wa Uingereza. Laini, wa kijivu, haujakanyagwa na mtu.

Aliunusa. Ulikuwa na harufu ya duka la viatu.

Akajiambia nitalamba tu. Akalamba. Haukuwa na ladha, na ukosefu huo wa ladha ndio uliomuudhi, kwa sababu ladha inaweza kuwa ndani zaidi. Akauma.

Ule udongo haukuvunjika kama odowa. Ulivutika. Uliingia kati ya meno ya juu na ya chini, ukakaa kama mgeni aliyeonyeshwa kiti. Judy alivuta, ukarefuka. Akavuta tena. Na hapo ndipo sauti ya Ogari ilipotokea nyuma yake.

"Foleni ya maji ilikuwa fupi. Uko sawa?"

"Mm."

"Umegusa kitu?"

"Mm-mm."

"Mbona unaongea kama ng'ombe?"

Judy alishtuka, mkono ukafunguka, na kile kipande kikaanguka chini, kwenye changarawe nyekundu. Kilibingirika. Kiliposimama kilikuwa kimevaa mchanga pande zote, kama mandazi yaliyopakwa sukari.

Ogari alikitazama. Akainama, akakiokota, akaona alama za meno.

"Nyasae one," akasema, akimwita Mungu kwa lugha ya kwao. "Mama Mokeira. Umekula udongo wa meneja?"

Judy alitumia kucha, halafu kona ya leso, mpaka mdomo ukaachia. "Sijakula. Nimeonja."

"Umeonja gari!"

"Ningejua ni kama gundi?"

Ogari alikaa kwenye kigoda, akaweka kipande gotini. Alitaka kukasirika lakini kila alipoangalia yale meno kwenye udongo, moja limepinda kidogo kushoto, jino alilolipenda tangu wakichumbiana, hasira ilikosa pa kushika. "Nikipanguza mchanga, si kitafanya kazi?"

"Mchanga umeingia ndani. Ukisugua nao, utamchorea meneja ramani ya Kenya kwa boneti."

"Basi turuke udongo."

"Madam atapapasa. Yeye mwenyewe ndiye amesoma."

"Basi niende niseme mke wangu ameula."

Ogari alianza kuinuka, akakaa tena. Mbele ya ofisi, kati ya makarani na wapima majani, ile sentensi haikuwa na mlango wa kutokea. Ingeanzia hapo, ifike soko la Mogogosiek kabla ya chakula cha mchana, na watoto wa watoto wao wangeitwa Udongo.

Ndani ya nyumba, chini ya kitambaa, kulikuwa na beseni la unga wa ngano uliokandwa. Nyumbani kwa meneja walikuwa wamegawa unga kwa wake wote wa kambi, kila mmoja alete chapati kesho. Judy alikuwa amekanda asubuhi, na mafuta ya kutosha, kwa sababu sehemu hiyo alitaka sifa. Aliingia kunywa maji, mkono ukagusa donge, na donge likainua punje ya mchanga iliyokuwa imenata kidoleni. Akasimama. Akajibandika donge kiganjani, akabandua. Kiganja kikabaki safi.

Alitoka na kipande kama yai.

"Hapana," alisema Ogari.

"Hapa nyuma ya buti, mahali padogo. Haina mchanga, ni unga na mafuta. Itachora nini?"

"Nitaambia watu nilisugua Peugeot na chapati?"

"Kwani utawaambia?"

Alilowesha kona ya buti na maji ya shampuu, akatelezesha lile donge taratibu, mbele na nyuma, bila kuzungusha. Mwanzoni halikufanya kitu. Halafu lilianza kukokota, halafu likateleza, na alipoligeuza lilikuwa na kijivu cha masizi na vidoa vyeusi vya lami. Ogari alivaa mfuko wa mkate, akapapasa. Akapapasa tena.

"Si kama kioo," akasema polepole, "lakini ng'ombe ameenda."

Walifanya kazi kama wezi. Donge likichafuka walikunja upande safi, likichafuka lote walikata jingine. Paa, boneti, milango, madigadi. Kila kipande cha gari kilimeza chapati ambayo mtu alikuwa aile kesho. Walikuwa wanamalizia mlango wa mwisho, wamesahau dunia, Tecla alipokuja kuomba chumvi.

Alisimama. Akaangalia gari. Akaangalia beseni.

"Mnalisha kari chapati?"

Judy alisukuma beseni nyuma ya gurudumu kwa mguu. Tecla alisahau chumvi. Alitembea mpaka kwake kwa heshima, na alipopita kona wakamsikia akikimbia.

"Sasa tumekwisha," alisema Ogari.

"Suuza," alisema Judy. "Wingu lile linakuja."

Walisuuza, wakakausha, wakafungua mkebe. Waksi waliipaka nyembamba, kipande kwa kipande, wakaiacha ipauke, wakaifuta kwa kitambaa kingine. Mvua ya saa nane iliwakuta wakifuta bampa. Matone yaligonga boneti na kukimbia kama vifaranga, yakaacha rangi nyeusi tii, na ndani yake miti, wingu, na mke na mume waliolowa, wakijitazama.

*

Jumamosi asubuhi uwanja wa meneja ulikuwa umejaa mahema, sufuria na mashangazi. Judy alifika na chapati alizoweza kutengeneza kutokana na donge lililobaki, zimefungwa kwa kitambaa kidogo cha aibu. Wanawake wa jikoni walipomwona waliinamia sufuria kwa pamoja, halafu mmoja akashindwa kujizuia.

"Karibu, Mama Peugeot!"

Kicheko kilivunja jiko. "Kari imeshiba?" aliuliza Tecla, machozi yakimtoka. "Ama ilitaka na chai?"

Judy aliweka mzigo wake mezani. Angeweza kuvumilia hilo. Ila kelele ilitoka nje, ya kuku na ya mwanamume.

Ogari alikuwa amelisimamisha gari mbele ya nyumba, lifungwe riboni. Ndani ya mikunjo ya bampa na kati ya herufi za jina la gari, donge lilikuwa limebaki, limekauka jeupe, na kuku wa meneja walikuwa wameligundua. Walikuwa wanane au kumi, wamejipanga kama kwenye hori, wakidonoa bampa ta-ta-ta. Ogari, ndani ya shati la kuazima, aliwafukuza mbele wakazungukia nyuma. Noah alisimama kando na tai shingoni, aliyoivaa bila kualikwa, tayari kwa lolote.

Meneja alitoka na mkewe nyuma yake. Mashangazi wakatoka. Jiko lote likatoka.

"Ogari," alisema meneja. "Kuku wangu wanakula gari yangu?"

Ogari alimrukia kuku wa karibu, akamkosa. Ndipo Judy alipopita katikati ya watu, akachomoa kibanio cha nywele, akapiga magoti kwa shida mbele ya bampa, na kuanza kuchokoa unga herufi baada ya herufi mbele ya ukoo mzima.

"Ni chapati, Bwana Meneja," alisema bila kugeuka. Masikio yalimchoma. "Udongo wa Madam niliuharibu mimi. Niliuma nikaangusha. Nina mimba, nikasikia ni udongo. Baba Mokeira hana makosa, yeye alikuwa ameenda maji. Unga wenu tukautumia badala yake. Ndiyo sababu chapati zangu ni chache."

Kuku walirudi bampani, mmoja mmoja.

"Uliuma," alisema Madam Janeffer.

"Ndiyo, Madam."

"Ni mbaya sana?"

"Inashika meno."

Madam aliinua mkono, watu wakadhani anampiga. Alikuwa anaupeleka kwenye boneti. Alipapasa kwa ncha za vidole mpaka kwenye kioo, akarudi. Midomo yake ilikuwa inapigana na kitu. Aliingia ndani haraka, na wale waliokuwa karibu na dirisha walimsikia akicheka kitandani peke yake.

Hapo bibi harusi alitolewa. Chepngeno alishuka ngazi kwa gauni lililofungwa juu kidogo, karibu na kifua, kwa mtindo ambao mashangazi waliambiwa ndio wa kisasa. Ogari alimfungulia mlango. Alipokaa, alitoa kichwa dirishani akamwita Judy kwa kidole, kana kwamba gauni limekwama.

Judy aliinama.

"Yale mengine," alinong'ona Chepngeno, tabasamu la picha likiwa limebaki usoni kwa ajili ya watu. "Mawe ya kawaida. Odowa. Unayo hapo?"

Judy aliangalia uso wake. Kisha, kwa kufumba na kufumbua, mkato wa gauni, pale tumboni.

"Si leo," alinong'ona naye. "Utatafuna kwa picha. Nitakutafutia."

"Kongoi," bibi harusi alimshukuru. Akainua sauti iwafikie wote. "Baba! Tutachelewa. Huyu ndiye dereva wangu, na kwa kurudi pia ni huyu."

Meneja alikuwa bado hajaamua. Alikwenda hadi mlango wa gari kusema jambo, akalikosa, kwa sababu mlangoni alijiona: mzima, kutoka kofia hadi viatu, na tai imepinda. Akainama akaiweka sawa. Shangazi mmoja alikuja kando yake kurekebisha kilemba, mwingine akaja kutazama meno, na muda mfupi ukoo wote ulikuwa umejipanga ubavuni mwa gari kama mbele ya kioo cha kinyozi.

"Jumatatu muhame," meneja alimwambia Ogari kupitia mlangoni, akiongea na sura yake mwenyewe. Kisha akamgeukia Noah. "Wewe na hiyo tai, leta trekta. Mashangazi wengine hawana gari."

*

Jumatatu Tecla alikuja kusaidia kuhamisha. Hakuna aliyemwita. Alibeba godoro la Mokeira kichwani, akaingia nyumba ya dereva kabla ya wenyewe, na walipofika walimkuta tayari ameshapima vyumba kwa macho.

"Hii ya pili iko paridi," alisema.

"Tutawasha jiko," alisema Judy.

"Na tirisha inatazama choo."

"Choo cha meneja, Mama Kiprono. Kina bati."

Tecla alicheka bila kutaka, akakaa sakafuni, mgongo ukutani. Nje Ogari alikuwa akijadiliana na baiskeli ipite mlangoni. Mokeira alikimbia kutoka chumba kimoja hadi kingine na kurudi, akipiga honi ya mdomo kila alipovuka, hajaamini kwamba ukitoka mahali unaweza kuingia mahali pengine na bado uko kwenu. Judy aliwasha moto kwa mara ya kwanza kwenye jiko lake, akaweka maji na maziwa, akatia majani.

Tecla alisubiri Ogari aende mbali. Kisha akavuta kigoda karibu, akapunguza sauti. Alikuwa amevumilia siku mbili nzima, na kwa Tecla hizo zilikuwa nyingi.

"Sasa niambie, rafiki yangu. Pale kwa tirisha ya kari, wewe na yule pibi harusi. Alikuambia nini?"

Judy alikoroga chai. Alifikiria gauni, alifikiria makanisa yote kati ya hapa na Litein, na alimtazama jirani yake kwa upendo.

"Mama Kiprono," akasema, "unaweka sukari ngapi?"